Nyumba ya kwanza ya kupangisha, nasi tunaishi mbali nayo

Ndugu wanajumuiya,

Mimi na mwenzangu tumedunduliza akiba kwa miaka kadhaa, na sasa tunafikiria kununua nyumba ndogo ya kupangisha ambayo hatutaishi karibu nayo. Kwa hesabu yetu, pango la mwezi linazidi rejesho la mkopo, kwa hiyo nyumba itajilipa yenyewe. Tunaomba wenye uzoefu watuambie tumesahau nini, na kama ni heri nyumba isimamiwe na ndugu au na wakala.

*

Ndugu yangu,

Umefanya vema kuuliza kabla ya kutia saini, maana hayo maneno ya "itajilipa yenyewe" niliyasema na mimi, kisha nikailipia nyumba kutoka kwenye mshahara wangu kwa karibu mwaka mzima.

Tuchukulie kwamba nyumba imenunuliwa kwa 15,000, kwa sarafu yoyote ile, na pango ni 100 kwa mwezi, yaani 1,200 kwa mwaka, ambayo ni asilimia 8 ya bei ya nyumba. Ondoa mwezi mmoja, kwa kuwa mpangaji akihama nyumba hukaa tupu wakati rangi inapakwa na mwingine anatafutwa, zinabaki 1,100. Msimamizi akichukua asilimia 10, zinabaki 990. Matengenezo, bima na kodi ya jengo zikila 300, mkononi una 690. Ile asilimia 8 ya mwanzo imeshuka hadi 4.6, na mkopo bado haujaguswa. Rejesho la 65 kwa mwezi, ambalo kwa macho ni dogo kuliko pango, kwa mwaka ni 780, kwa hiyo utatoa 90 mfukoni. Huenda nyumba bado ikafaa, kwa sababu sehemu ya rejesho hupunguza deni lenyewe, lakini anayeinunua bila fedha za akiba pembeni atatafutana na benki mapema. Mimi huweka pango la miezi sita katika akaunti ya peke yake. Na kama mshahara wako ni wa sarafu moja na mkopo ni wa nyingine, rudia hesabu yote kwa kiwango kibaya cha kubadilisha fedha.

Kuhusu msimamizi, nikueleze yaliyonipata. Funguo nilimwachia jamaa yangu, mtu asiyegusa senti ya mwenzake. Mpangaji alimwonyesha unyevu chini ya sinki la jikoni, doa lisilozidi kiganja cha mkono. Jamaa yangu akaona haya kunisumbua kwa jambo dogo, akaweka beseni. Miezi minne baadaye ubao wa kabati ulikuwa unabonyea kwa kidole na maji yalikwishapita chini ya vigae, hata kazi ambayo fundi bomba angeimaliza kwa kubadilisha mpira mmoja ikawa ya kung'oa sakafu. Siwezi kumlaumu, kwani sikuwahi kumwambia ni lipi aliamue mwenyewe. Tangu hapo msimamizi wangu ana kiwango cha fedha kilichoandikwa: gharama ikiwa chini yake, anaita fundi na kunitumia picha na risiti; ikizidi, ananipigia kwanza. Maji yanayovuja na nyaya zinazotoa cheche hazisubiri simu yangu.

Ukimchagua ndugu, mlipe, kwa kuwa asiyelipwa huwezi kumdai taarifa ya kila mwezi bila kuonekana mkorofi. Ukimchagua wakala, asilimia yake ihesabiwe kwa pango lililokusanywa, ili nyumba tupu imuume na yeye. Uangalie pia ada ya kutafuta mpangaji mpya, kwani wakala anayelipwa vizuri kila mtu anapohama hana sababu ya kumbembeleza mpangaji mwema abaki.

Amana anayoweka mpangaji anapoingia ni fedha yake, usiitumie. Siku ya kukabidhi funguo, msimamizi na mpangaji wapite chumba kwa chumba, waandike kila ufa, wapige picha mita za maji na umeme, kisha wote wawili watie saini.

Neno "kodi" nalo hutuchanganya: mpangaji akikulipa ya kwake, serikali inangoja ya kwake. Kwa kawaida mapato ya pango hutozwa kodi mahali nyumba ilipo, na nchi unayoishi inaweza nayo kutaka uyatangaze; mkataba kati ya nchi hizo mbili wa kuzuia kutozwa mara mbili, kama upo, haukuondolei wajibu wa kujaza fomu. Tunza risiti tangu siku ya kwanza.

*

Naongeza mawili. Kampuni ya bima iambiwe kwa maandishi kwamba nyumba inapangishwa, na msome kifungu kinachohusu nyumba iliyo tupu, kwa sababu bima nyingi hupunguza ulinzi nyumba ikikaa bila mtu kwa siku kadhaa mfululizo. Pili, hati ya uwakilishi mtakayompa msimamizi itaje kupangisha, kukusanya na kutengeneza tu. Msimpe mamlaka ya kuuza wala kuweka rehani.

*

Tunawashukuru, kaka na dada. Jana usiku tulirudia hesabu kwa mfano huo tukakuta tunapungukiwa kila mwezi. Tumemwomba muuzaji risiti za matengenezo za miaka mitatu iliyopita, na mpaka atakapozileta hatutatia saini.