Datsun 240Z ya mwaka 1972 inazimika mlimani, na fundi anataka kuing'oa injini: naomba ushauri

BintiWaNakuru

Wanajamvi, salamu kwenu nyote. Marehemu baba ameniachia Datsun 240Z ya mwaka 1972, yenye usukani wa kulia na injini yake ya tangu mwanzo, L24 ya silinda sita. Alikuwa kijana alipoona gari la aina hiyo likishinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, kisha tena mwaka 1973 likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta, na tangu hapo hakutamani gari jingine. Miaka 12 ya mwisho lilikaa bandani chini ya turubai. Mwaka jana nililifufua kwa betri mpya, oili mpya, mipira ya breki na matairi, na likawaka.

Tatizo ni hili. Mjini linatembea vizuri, lakini nikitoka Naivasha kupanda kuelekea Kinungi, baada ya dakika kumi hivi za kukanyaga mafuta linaanza kukwamakwama, linaishiwa nguvu, kisha linazima. Nikisubiri robo saa linawaka mara moja, linanisogeza kilomita tatu au nne, halafu linarudia. Fundi wangu anasema kabureta zake mbili ni za kutupwa, na kwamba dawa ni kuing'oa L24 yote na kuweka 1JZ-GTE, injini ya turbo ya Toyota, iliyotolewa kwenye Mark II. Zaidi ya hayo, chini ya zulia la dereva nimekuta tundu la kutu linalopitisha kidole, taa za mbele ni hafifu, na swichi yake hupata moto hadi kuogofya. Nimeweka akiba ya shilingi laki mbili na nusu za Kenya, wala sitarajii kupata nyingine mwaka huu. Nianzie wapi?

FundiKisauni

Pole kwa msiba, dada. Mimi nashuku joto. Katika injini hii manifoldi ya kuingiza hewa na ile ya eksozi ziko upande mmoja wa silinda hedi, kabureta zikiwa zimekaa juu ya eksozi kama sufuria juu ya jiko. Kiwandani waliweka bati la kukinga joto katikati, na mafundi wengi wakilifungua hawalirudishi. Petroli ikichemka ndani ya kabureta, injini haina budi kuzima. Angalia kama bati hilo lipo.

MzeeWaPointi

Binti yangu, bati hilo litazamwe, lakini maelezo yako hayanipeleki huko. Petroli inayochemka kwenye kabureta husumbua gari lililo kwenye foleni, au lililozimwa kwa dakika chache likiwa na moto kisha likakataa kuwaka. Lako linafanya kinyume chake: foleni halioni shida, linakufa likiwa mwendoni tena likivuta mzigo, na ukilipumzisha linapona. Hiyo ni njaa ya petroli. Tangi lililokaa miaka 12 likiwa nusu tupu hushika kutu kwa ndani, na unga wa kutu hufyonzwa hadi kwenye filta iliyo kabla ya pampu. Ukiwa mjini, petroli kidogo inayopenya inatosha. Mlimani injini inadai nyingi, pampu inavuta kwa nguvu, uchafu unajibana na njia inaziba; injini ikizima mvuto unaisha, uchafu unalegea, nawe unadhani gari limejiponya lenyewe.

Siku litakapozima tena, fungua kwanza kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa kuingia ndani, basi njia ya tangi ya kupumulia imeziba, na huo ni ugonjwa mwingine wenye dalili zilezile. Usiposikia kitu, fungua filta uimwage kwenye chupa nyeupe uone rangi yake. Baadaye, ukiwa nyumbani na injini ikiwa baridi, chomoa waya wa koili ili kusiwe na cheche, elekeza bomba linalotoka kwenye pampu ndani ya chupa, kisha mtu akuzungushie stata. Petroli inapaswa kuruka kwa mapigo yenye nguvu, si kudondoka. Kizimamoto kiwe karibu.

Ama kabureta zenyewe, anayeziita za kutupwa hazijui. Ni Hitachi zilizojengwa kwa muundo wa SU: pistoni moja inayoinuliwa na mvuto wa hewa, sindano moja, na tundu moja la petroli. Hakuna kabureta rahisi kuliko hiyo. Zisafishwe bila kuchanganya pistoni ya moja na mwili wa nyingine, oili nyepesi itiwe kwenye mnara wa juu, nati ya chini ipandishwe hadi mwisho kisha ishushwe mizunguko miwili na nusu, sawasawa kwa zote mbili. Hapo ndipo pa kuanzia kurekebisha. Kumbuka kwamba huko kwenu hewa ni nyepesi, kwa hiyo kabureta iliyopimwa Mombasa itakuwa na petroli nyingi mno ikifika Nakuru.

Kabla ya hayo yote, hakikisha valvu zimepimwa: injini ikiwa baridi, milimita 0.20 kwa zinazoingiza na 0.25 kwa zinazotoa. Ukifungua kifuniko hicho utaona kijibomba kinachonyunyizia oili kemshafti, yaani shafti inayofungua valvu. Baada ya miaka 12 matundu yake huziba, na nimeona kemshafti nzuri zikiliwa kwa sababu ya sindano ambayo hakuna aliyeichomeka humo kusafisha.

TurboBaridi

Namheshimu mzee, lakini tusiligeuze gari kuwa msikiti. 1JZ-GTE ina nguvu farasi 280 kwa lita mbili na nusu tu, kompyuta yake ndiyo inayopima petroli ukiwa Mombasa au Timboroa, na spea zake zinapatikana Kirinyaga Road kabla ya saa sita mchana. Gasketi na pampu za L24 utaagiza Japani au Marekani, usubiri wiki nyingi huku gari likiwa juu ya mawe. Dada anataka kuendesha. Kumbukumbu ya baba yake haimo ndani ya chuma cha silinda.

MchomeleajiIlala

Nawasalimu kutoka Dar es Salaam. Mimi ni mtu wa bodi na sitaingilia ugomvi wa injini, isipokuwa kwa jambo moja ambalo wote mmelipita: gari hili halina chesisi. Bodi ndiyo chesisi yenyewe. Tundu analolitaja dada liko kwenye sakafu, na chini ya sakafu hiyo kuna mihimili ya bati jembamba iliyochomelewa, ambayo ndiyo inayobeba nguvu zote za gari lenye uzito wa kilo elfu moja na kidogo. Ukiiwekea injini yenye nguvu karibu maradufu ya ile ya mwanzo huku mihimili imeliwa, milango itaanza kugoma kufunga kabla hujamaliza tangi la kwanza.

Kwa hiyo, dada, toa zulia lote. Chukua bisibisi na ugongegonge, usiogope kutoboa, kwa sababu pale itakapopita hapakuwa na chuma bali rangi. Anzia chini ya betri, maana maji ya asidi hushuka kutoka pale hadi kwenye mhimili wa mbele na sakafu. Nenda kwenye vizingiti vya milango, kisha kona iliyo nyuma ya mlango mbele ya tairi la nyuma, ambako tope hukaa ndani na halitoki. Malizia chini ya mpira wa mlango wa nyuma. Fundi akikwambia atabandika bati kwa ribiti na kupaka faiba juu, mshukuru na uondoke. Bati bovu likatwe hadi lilipo chuma kizima, jipya lichomelewe, na wakati wa kukata gari liwe limekaa sawa kwenye stendi, milango ikiwa imefungwa na nafasi zake zimepimwa na kuandikwa. Nimewahi kupokea gari lililokatwa sakafu zote mbili kwa mpigo likiwa juu ya jaki moja. Lilikuwa limepinda kama ndizi, na mwenyewe alikuwa amekwisha kulipia rangi.

Tahadhari nyingine: ukishusha sehemu za nyuma, kuna pini ndefu inayopita kwenye mkono wa chini wa kila gurudumu. Huganda kwa kutu. Fundi asiigonge kwa nyundo kwenye nyuzi zake, maana akiziharibu hana pa kuivutia tena. Iloweshwe siku kadhaa, kisha itolewe kwa presi au kwa kifaa cha kuivuta.

MswahiliMuscat

Kuna njia ya katikati kati ya mzee na kijana. L28 ya sentimita za ujazo 2,753 ni ndugu wa damu wa L24 ya 2,393. Inakaa kwenye mikono ileile, inapokea gia boksi ileile na kabureta zilezile, na mtu akifungua boneti hatambui tofauti. Huku Ghuba ilifungwa kwenye Nissan Patrol za miaka ya 1980, na bado zinaonekana kwenye yadi za magari mabovu. Sampu ya Patrol, yaani karai la oili chini ya injini, na bomba lake la kufyonzea oili havifai, kwa hiyo tumia vya L24 yako. Nami singeinunua leo. Ningeiweka akilini kwa siku ambayo injini ya baba itakuwa imechoka kwelikweli. Pimeni kwanza mgandamizo wa kila silinda, kwani hadi sasa hakuna aliyethibitisha kwamba injini hiyo ni mbovu. Na huko kwenu, injini ikibadilishwa, namba mpya lazima iingizwe kwenye kumbukumbu za NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, la sivyo siku ya kuuza utajuta.

BintiWaNakuru

Nimerudi na majibu. Jumamosi nilipanda tena Kinungi kwa makusudi, na gari likazima pale pale linapozima siku zote. Kifuniko cha tangi hakikuvuta hewa. Filta niliyoimwaga kwenye chupa ilitoa kitu kama chai ya rangi iliyomwagiwa mchanga. Nilifunga filta mpya na gari likapanda hadi juu bila kukohoa, ila kufikia Limuru filta nayo ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Bati la kukinga joto lipo. Mgandamizo umepimwa, na silinda zote sita zimekaribiana. Mzee, naomba radhi kwa niaba ya fundi wangu, ambaye alipooneshwa ile chupa alisema kwamba hata hivyo 1JZ ni nzuri.

Habari mbaya ni za bisibisi. Imepita chini ya betri, sakafu ya dereva, na kipande cha mhimili chenye urefu wa kiganja. Vizingiti ni vizima. Nimeamua akiba yote iende kwenye bodi na L24 ibaki. Naomba bado mnisaidie kuhusu taa, na pia breki, kwani gari huvuta kushoto nikikanyaga kwa nguvu na diski ya kulia hubaki baridi.

WayaMbovu

Hizo taa hazina rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme kidogo ili kupitisha umeme mwingi. Umeme wote wa taa za mbele unapita kwenye swichi ya usukani, ndiyo maana swichi inachemka na taa zinafifia. Funga rilei mbili karibu na betri, moja ya taa za chini na moja ya taa kamili, kila moja na fyuzi yake, ili swichi ya zamani ibaki na kazi ya kuamrisha tu. Ni kazi ya nusu siku na gharama yake ni ndogo. Ukiwa hapo, chungulia nyuma ya ameta, kipimo cha umeme, kwenye dashibodi. Umeme wote wa kuchaji unapita ndani yake, na nati iliyolegea pale huyeyusha plastiki. Usiweke balbu kubwa zaidi kabla ya hayo.

FundiKisauni

Breki: kushoto kunashika, kulia pistoni ya kalipa imeganda. Unaweza kuzifungua zote mbili na kuweka sili mpya. Ukizikuta zimechimbika kwa kutu, habari njema ni kwamba kalipa za Toyota Hilux ya four-wheel ya mwaka 1979 hadi 1985, zenye pistoni nne, zinaingia kwenye matundu yaleyale na diski yako inabaki. Utakata tu bati la vumbi na kukunja bomba upya. Hilux hizo zimejaa kila kijiji. Lakini ujue breki ya mbele itakuwa kali kuliko ya nyuma, kwa hiyo dramu za nyuma ziwe zimerekebishwa vizuri, na ujaribu kwanza kwenye barabara kavu isiyo na watu.

MzeeWaPointi

Nimefurahi, binti yangu. Filta haitakuponya, itakuwa inakufa tu badala ya injini. Lishushe tangi. Lina nati ya kumwagia kwa chini. Mwaga yote, tia changarawe kidogo na maji ya sabuni, litikise hadi mikono ichoke, suuza, kausha, na bomba la kupeleka petroli mbele ulipulize kwa hewa. Ukikuta kitundu, mtu yeyote asiguse tangi kwa moto wa kuchomelea, hata kama lina mwezi mzima tupu, maana mvuke unaojificha kwenye mikunjo ya bati unatosha kumuua. Lipelekwe kwa mtu wa rejeta anayelichemsha kwanza na kuziba kwa risasi.

BintiWaNakuru

Tangi limeshuka leo mchana. Lina vitundu viwili karibu na mkanda, nami nimempata mtu wa rejeta. Mpira mnene wa shingo ya kujazia petroli umepasuka nilipouvuta. Je, upo wa gari jingine unaolingana, au niagize?

MswahiliMuscat

Nitumie vipimo vya ncha zote mbili, kipenyo cha ndani, na picha ya mkunjo wake. Kesho ni siku ya yadi.