Wisconsin: niendelee kulipa ada ya chama cha wafanyakazi?

Mwanzisha uzi: Ndugu zangu mlioko Marekani, naomba ushauri. Ninafanya usafi katika shule ya umma huku Wisconsin. Nilipokuwa mwalimu nyumbani Tanzania, ada ya chama ilikatwa kabla mshahara haujanifikia. Huku naitoa mwenyewe, na mwenzangu wa zamu ananihimiza niache, kwa kuwa haki za chama ziliondolewa mwaka 2011 ili matajiri wapunguziwe kodi. Ninasomesha wadogo zangu wawili, lakini nafsi inanisuta kukaa kando huku wengine wakinitetea. Nifanyeje?

Dada wa Madison: Pole kwa mzigo huo, mdogo wangu. Sheria anayoisema inaitwa Act 10, na inaumiza zaidi kwa sababu Wisconsin ndiyo iliyokuwa jimbo la kwanza kuwapa watumishi wa serikali za mitaa haki ya majadiliano ya pamoja, yaani chama kujadiliana na mwajiri kwa niaba ya wafanyakazi wote, mwaka 1959. Sasa chama chenu kinaweza kujadili mshahara wa msingi tu, na nyongeza haivuki mfumuko wa bei mpaka wapiga kura wa eneo lenu waridhie. Tena kila mwaka ni lazima kithibitishwe kwa kura ya asilimia 51 ya wafanyakazi wote wa kundi lenu, si ya waliojitokeza pekee. Kwa hiyo asiyepiga kura amehesabiwa kuwa amekikataa, hata kama alikuwa amelala tu baada ya zamu ya usiku. Kura hiyo ni yako hata usipolipa ada. Usiikose.

Mhasibu wa zamani: Naafikiana na dada, ila suala la kodi tuliweke sawa. Ni kweli kwamba Januari 2011 gavana Scott Walker na wabunge wa chama chake cha Republican walipitisha nafuu za kodi kwa wafanyabiashara, lakini gharama yake iliangukia bajeti ya miaka miwili iliyofuata, si nakisi ya dola milioni 137 ya mwaka ule, ambayo Act 10 ilidaiwa kuiziba. Hoja nzito iko kwingine. Viongozi wa vyama walikuwa tayari kukubali makato makubwa zaidi ya pensheni na bima ya afya, mradi haki ya kujadiliana ibaki, na wakakataliwa. Maseneta 14 wa Democratic walipokimbilia Illinois kuzuia akidi, wenzao wa Republican waliondoa vifungu vya fedha vilivyohitaji akidi hiyo, kisha wakapitisha vya kubana vyama. Kama shabaha ilikuwa kuokoa fedha, mbona vifungu hivyo viliweza kupita peke yake?

Mwanzisha uzi: Asanteni sana. Sikujua kwamba kutopiga kura ni kukataa. Mwaka jana sikupiga. Ada nitaendelea kulipa mpaka muhula wa wadogo zangu uishe, na kesho nitamweleza mwenzangu habari ya hiyo asilimia 51.