Mrejesho: watoto na kamera za filamu

Niliuliza nitawafundishaje watoto sita wa Mji wa Kale, Mombasa, kupiga picha kwa kamera mbili za Pentax K1000 zisizo na betri, yaani kipimamwanga chake hakifanyi kazi. Mlioniambia nianze na kanuni ya jua, yaani kukadiria mwanga kwa kutazama jua lenyewe, Mungu awabariki. Filamu ya ISO 100 (kipimo cha wepesi wake wa kunasa mwanga), jua la utosi: tundu la lenzi liwe dogo, f/16, na shata ifunguke kwa 1/125 ya sekunde. Kivulini wanafungua tundu zaidi, hadi f/4. Tulifanyia nje ya Fort Jesus, wakaielewa siku hiyo hiyo.

Kazi ilikuwa subira. Picha 36 kwa watoto sita ni sita sita tu, na mdogo wao alizimaliza zote kwa paka mmoja wa barazani. Lakini binti mmoja wa miaka 10 alikaa mbele ya mlango wa nakshi karibu nusu saa, akingoja jua lifike kwenye komeo, ndipo akabonyeza. Mara moja.

Filamu ya kwanza iliungua kwa mwanga: mfuniko wa nyuma wa kamera ulifunguliwa kabla ya kuirudisha filamu kwenye kopo lake. Iliniuma sana. Sasa wanazungusha wenyewe mpaka mkono usikie wepesi.

Ya pili imeshasafishwa. Mlango umetoka, hadi nyufa za mbao zinaonekana. Binti aliinua negativu, ile filamu yenye mwanga na giza vilivyogeuzwa, dirishani, akauliza, "Mbona jua limekuwa jeusi?"