Tupeane uzoefu: mwanafunzi anajuaje yeye ni kiongozi wa aina gani?

Habari za jioni, wakuu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga mjini, mlezi wa serikali ya wanafunzi, mwaka wa sita sasa. Kila mwaka tunachagua viranja, tunawaapisha mstarini, tunawavalisha beji, na kesho yake tunawataka wasimamie usafi na kuandika majina ya wapiga kelele. Hakuna siku tunayokaa nao tukawauliza: wewe ukipewa watu, unawaongozaje? Basi wote wanaiga kiranja mmoja tu, yule mkali wa mwaka jana.

Kilichonifungua macho ni safari ya Mapango ya Amboni, hapo kaskazini mwa mji, kilomita kama 8. Tulikwenda na wanafunzi 34. Mle ndani giza ni giza, na kuna mahali mnapita mmoja mmoja huku mmeinama. Kaka mkuu alikuwa mbele na tochi, sauti juu: "Songeni! Msisukumane!" Katikati, mvulana mmoja akagoma. Kashika ukuta, anahema, hasogei mbele wala nyuma, na mstari wote ukakwama. Kelele za mbele zilivyozidi ndivyo alivyozidi kuganda. Nikaanza kupenya kumfuata. Kabla sijamfikia nikasikia sauti ya chini ya binti aliyekuwa mkiani, mtoto ambaye darasani hata jina lake nilichelewa kulishika. Alimpa pindo la mtandio wake alishike, akamwambia, "Mimi nahesabu, wewe kanyaga. Moja. Haya, mbili." Walifika 19, tukaona mwanga.

Nje nikawauliza, nani katuongoza mle ndani? Wengi wakamtaja kaka mkuu. Yule mvulana akamwonyesha binti. Binti akakataa katakata: "Mwalimu, mimi sijaongoza, nilikuwa nyuma tu."

Hilo "nyuma tu" linanichoma hadi leo. Sisi ndio tuliomfundisha, bila hata kutamka, kwamba kuongoza ni kukaa mbele na kupaza sauti.

Tangu hapo kila anayetaka ukiranja nampa kazi moja ya kweli kwa wiki nzima: foleni ya maji, bustani au chakula cha mchana. Ijumaa anaandika mwenyewe alivyowaongoza wenzake. Nao, bila kutaja majina yao, wanajibu swali moja kwenye kikaratasi: "Ulipokosea, alikufanyia nini?" Siwaulizi kama kiranja ni mzuri au mbaya, maana hapo watajibu kwa urafiki. Majina ya mitindo ya uongozi yanakuja baada ya vikaratasi. Ukianza na majina, kila mtoto atakwambia yeye ni mshirikishaji.

Hapo ninawaeleza utafiti wa mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake Lippitt na White, uliochapishwa Marekani mwaka 1939, kuhusu vikundi vya wavulana wa miaka 10. Kulikuwa na kiongozi wa amri, kiongozi mshirikishaji, na yule anayewaachia wafanye watakavyo. Kwa mtu wa amri kazi ilikwenda, ila akitoka chumbani ilizorota. Kwa mshirikishaji waliendelea hata akiwa hayupo. Wanafunzi wangu wakisikia hivyo hutazamana, wanajua darasa linavyokuwa mwalimu wa zamu akigeuza mgongo. Lakini ninalolikazia zaidi ni kwamba wale viongozi walibadilishana mitindo: mtu yuleyule, kundi hili ni wa amri, kundi lingine ni mshirikishaji. Kwa hiyo mtoto akigundua ana ubabe, hajafungwa nao maisha.

Karibuni, nipeni ya kwenu.

Mchangiaji, Sahare:
Shikamoo mwalimu. Mimi nilikuwa kaka mkuu katika shule moja mkoani humu, na tulichofundishwa ni fimbo tu. Nilikuja kujijua chomboni. Likizo nilikuwa natoka na marehemu mjomba, alikuwa nahodha. Upepo ukichafuka haulizi mtu: "Shusha tanga! Wewe, shika upo, kumba maji!" Na hakuna aliyenuna. Tukifika pwani anakuwa mtu mwingine. Anakaa mchangani na mabaharia wote, hata mimi mtoto, tunashauriana kesho twende wapi, nyavu ipi ishonwe kwanza. Na alikuwa anasikia kweli. Siku moja aliacha mwamba alioutaka yeye akafuata neno la kijana wa miaka 17. Ndipo nikaona kwamba mimi shuleni nilikuwa naongoza kama tuko kwenye dhoruba hata siku za shwari. Muulize mtoto: ukali wako ni wa saa gani?

Mchangiaji, Muheza:
Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu. Nilikuwa kapteni wa netiboli, tunajiandaa na UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Nilijiona mshirikishaji mno, kila siku "jamani mnaonaje?" Kocha akaniambia nihesabu, kwa wiki moja, nimebadili uamuzi mara ngapi baada ya kuuliza. Hata mara moja. Nililia, wallahi. Toka siku hiyo mazoezi ya Jumatano walipanga wenyewe, mimi nakuja kucheza.

Mchangiaji, Lushoto:
Mwalimu mwenzangu, hivyo vikaratasi havigeuki matusi? Mimi nilijaribu mara moja, kiranja wangu wa kike akaandikiwa maneno mabaya kuhusu sura yake. Akaacha ukiranja wiki ileile. Sijarudia.

Mwanzisha mada:
Pole sana, na umpe pole binti huyo. Mimi navisoma vyote kwanza, peke yangu, nyumbani. Chochote kinachogusa mwili, dini, kabila au hali ya kwao nakichana hapohapo, hakimfikii mtoto. Vinavyobaki tunavisoma wawili tu, naye anaanza kwa kusoma alichokiandika mwenyewe. Yule binti wa Amboni naye alipewa wiki yake, foleni ya maji. Kikaratasi kimoja kilisema: "Nilimwaga ndoo, akanisaidia kujaza tena, hakusema kitu." Alikisoma mara mbili, akaniuliza kama anaruhusiwa kukichukua. Jaribu tena mwenzangu, ila anza na watoto 5 tu.