Gesi ikichimbwa, kijiji kinapata nini?

Mkwezi wa Kaole: Wakuu, watafiti wa gesi wakichukua shamba huku Bagamoyo, mwenye minazi anadai nini? Na halmashauri je?

Mthamini: Ardhi kwa bei ya soko, mazao, majengo, posho ya usumbufu, usafiri, na ukihamishwa, kodi ya nyumba ya miezi 36. Kagua fomu kabla ya kusaini: mnazi unaozaa ukiandikwa mche, umeliwa. Piga picha kila shina.

Bi Hesabu: Halmashauri hutoza ushuru wa huduma, sehemu ndogo tu ya mauzo. Utafiti hauna mauzo, msianze kugawana zahanati!

Fundi Visima: Pimeni maji kabla mtambo haujafika: chumvi, na methani, yaani gesi asilia yenyewe. Bila kipimo cha awali hamna ushahidi. Saruji inayozunguka bomba la kisima cha gesi ikipasuka, gesi hupenya humo hadi kwenye maji.