12 Desemba: taifa lina Jamhuri, kwenu nyumbani kuna nini? Tupeane uzoefu

Mpiga Kasia (Malindi)

Wadau, salaam. Mimi nilizaliwa tarehe 12 Desemba, na niseme ukweli, ni tarehe mbovu ya kuzaliwa. Shule zimefungwa, hakuna wa kukuimbia. Nyumbani nusu wako gwarideni, nusu wako baharini. Nikiwa mdogo niliamini zile bendera za barabarani zimetundikwa kwa ajili yangu, mpaka binamu yangu akaniumbua mbele ya watoto wa mtaa mzima.

Ukubwani nimeanza kuifuatilia tarehe yenyewe. Uhuru 1963 na Jamhuri 1964 mnajua. Kuna Edvard Munch, mchoraji wa Norway, aliyezaliwa 1863, miaka 100 kamili kabla ya bendera yetu. Mwimbaji Frank Sinatra alizaliwa siku hiyo 1915. Mkataba wa Paris wa tabianchi ulipitishwa siku hiyo 2015. Vasco da Gama, ambaye nguzo yake tunaiona kila tukienda kuogelea, alikufa Kochi tarehe 24 Desemba 1524. Tumemkosa kwa siku 12, na sioni kama ni hasara.

Lakini hayo ya kunakili kila mtu anaweza. Nataka yaliyokukuta wewe au mtu wa nyumbani kwako. Tarehe 12 Desemba, mwaka wowote. Leteni.

Mtoto wa Ngomeni

Hapa umenigusa, maana sisi Ngomeni tuna Desemba 12 yetu wenyewe, ya 1970.

Marehemu baba alikuwa akiwauzia samaki Waitaliano wa San Marco, lile jukwaa la chuma lililosimama baharini kwa miguu kama kunguru aliyeingia majini. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, Jamhuri, na yeye hakwenda kuvua. Mchana wakaona moshi kule nje, halafu kitu kinapanda na moto nyuma yake, na mngurumo ukaja baadaye, kitu chenyewe kikiwa juu mbali. Mbuzi walikata kamba. Alikuwa akiisimulia hadithi hiyo kwa miaka, na kila mwaka mbuzi waliongezeka.

Kilichorushwa kilikuwa setilaiti ya Wamarekani juu ya roketi aina ya Scout. Aliyesimamia mradi, mama mmoja mhandisi wa NASA, Marjorie Townsend, akaipa jina Uhuru kwa kuwa Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba siku ileile. Jina la Kiswahili hilo, limeandikwa katika vitabu vya nyota dunia nzima. Baba alipoambiwa alisema: "Uhuru tumeukaa nao miaka saba tu, Waitaliano washautupa juu."

Sababu ya kuja kurusha kwetu ni kwamba tuko karibu na ikweta. Roketi ikielekea mashariki hapo hubebwa na mzunguko wa dunia wenyewe, na mbele yake ni bahari tupu, ikianguka haimwangukii mtu. Setilaiti ile ndiyo ya kwanza kutengenezwa mahususi kutafuta eksirei zinazotoka angani. Iliorodhesha vyanzo zaidi ya 300, na ndiyo iliyowafanya wataalamu washuku kwamba kimoja chao, kiitwacho Cygnus X-1, ni shimo jeusi, kitu cha angani ambacho hata mwanga hautoki ndani yake. Kiongozi wa sayansi yake, Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa, alipata Nobel 2002. Alikufa tarehe 9 Desemba 2018. Siku tatu tu zimemnyima nafasi kwenye uzi huu.

Ukifika Ngomeni leo ukawauliza vijana, watakwambia habari za chumvi na kamba. Setilaiti hawaijui.

Mpiga Kasia

Dah. Miaka yote nakula kamba wa Ngomeni na hili sikulijua. Mbuzi walifika wangapi mwishoni?

Mtoto wa Ngomeni

Mara ya mwisho nilisikia kumi na wanne. Tulikuwa na watatu.

Fundi Redio, Barani

Yangu ni fupi. Nina mteja wa Kiitaliano, mzee, ana redio ya zamani ya mbao ambayo hataki kuitupa. Siku moja, Jamhuri, kaniletea tena, nikamwambia leo sikukuu nimefunga. Akasema leo hasa ndiyo siku ya redio. Nikadhani ni maneno ya mtu aliyekwisha kunywa.

Kumbe kweli. 12 Desemba 1901 Marconi, Mwitaliano mwanzilishi wa redio, alikaa kilimani Newfoundland na kisikilizio sikioni, akapata nukta tatu, herufi S, zilizotumwa kutoka Poldhu, Uingereza, ng'ambo ya Atlantiki. Na waya wake wa kunasia mawimbi aliuinua kwa nini? Kwa kishada! Hivi hivi vishada vya watoto, ila kikubwa. Nilimtengenezea redio yake siku ileile na pesa ya sikukuu nikamsamehe.

Binti Mkomani (Lamu)

Assalaam alaykum. Mimi nina kesi, nataka mnihukumie.

Kakangu mkubwa kipande chake kinasema amezaliwa 12 Desemba 1963. Mtaani walikuwa wakimwita Bwana Uhuru. Lakini bibi yetu, aliyekuwa chumbani na mkunga usiku ule, kabla hajafariki alikuwa akikataa. Alisema mtoto alitoka saa nne za usiku, na jirani alikuwa na redio, watu wamejaa barazani wanasubiri saa sita bendera ipande Nairobi. Mkunga akatuma mtu kuwaambia wapunguze sauti. Maneno ya bibi yalikuwa haya: "Bendera haiyapanda, mwana ushakuya."

Sasa saa nne za usiku, kwa kizungu, bado ni tarehe 11. Kwa hiyo kakangu alizaliwa saa mbili kabla ya Kenya huru. Na si hilo tu. Kumbukeni sisi wa Mwambao tulikuwa chini ya nani. Ukanda huu wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiutawala kwa kumlipa kodi. Oktoba 1963 ndipo Kenyatta na Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, walipokubaliana uingie Kenya, kwa ahadi kwamba dini, mahakama za kadhi na hati za mashamba vitalindwa. Zanzibar yenyewe ikapata uhuru tarehe 10 Desemba, siku mbili kabla yetu. Basi kakangu amezaliwa katika kipindi ambacho hata mwenye ardhi hajulikani vizuri! Bibi alisema kwa masaa mawili yale alikuwa mtoto wa Sultani, na akikosea adabu alikuwa akiitwa hivyo.

Tarehe 12 tuliandikisha kwa sababu aliyekwenda kuandikisha alikuwa babu, na babu alitaka mjukuu wa uhuru. Je, anahesabika kwenye uzi huu au hahesabiki?

Mtoto wa Ngomeni

Hahesabiki. Saa mbili ni saa mbili.

Mwalimu wa Chuoni

Ndugu, usimfukuze haraka. Tangu lini siku kwetu ikaanza saa sita ya usiku? Jua likizama, siku mpya imeingia. Usiku ule ulikuwa usiku wa Alhamisi tangu adhana ya magharibi. Aliyezaliwa saa nne amezaliwa Alhamisi, saa nne baada ya siku kufunguliwa. Bendera ya Nairobi ndiyo iliyochelewa.

Dada Binti Mkomani, bibi hakuwahi kutaja mwezi?

Binti Mkomani

Alitaja mwalimu. Alisema Rajabu, siku mbili tatu kabla ya Miraji, kwa kuwa uji wa uzazi na maandalizi ya Miraji vilikutana jikoni.

Mwalimu wa Chuoni

Basi inaingia. Ramadhani ya mwaka ule ilianza katikati ya Januari 1964, siku chache baada ya mapinduzi ya Unguja, ambayo nayo yalikuwa tarehe 12. Ukirudi nyuma, Desemba 12 inaangukia kama Rajabu 25. Bibi alikuwa na kalenda nzuri kuliko karani.

Kaa la Moto

Mmesahau Rajinikanth, mwigizaji wa filamu za Kitamil, aliyezaliwa siku hiyo 1950! Wengine tulikuwa na duka la kukodisha kanda Malindi. Mimi nilikuwa nikiandika majina ya filamu kwa mkono. Za Kitamil hazikuwa na mwenyewe hapa, wateja walitaka za Kihindi, lakini nilimpenda kwa namna anavyovaa miwani. Ndiyo tu, endeleeni.

Mkaa Kimya

Nimesoma yote nikacheka na mbuzi. Yangu haichekeshi, mtanivumilia.

Mama alifariki 12 Desemba 2008. Ilikuwa Ijumaa, siku tatu nne baada ya Idi kubwa, nyama ya kuchinja hatujaimaliza. Asubuhi tunahangaika kutafuta gari, barabara imefungwa kwa ajili ya gwaride. Askari mmoja akatuona na sanda mkononi, hakuuliza chochote, akasogeza kizuizi. Bendi ilikuwa inapiga. Tulimzika baada ya swala ya Ijumaa, na msikiti ulijaa watu ambao wangekuwa kazini kama si sikukuu. Hilo namshukuru Mungu.

Hitima yake tunaisoma kwa mwezi, Mfunguo Tatu, siku chache baada ya Idi. Mwezi unarudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, na sasa umeshuka mpaka Juni, uko mbali kabisa na Jamhuri. Kwa hiyo mama ana siku mbili. Ya Juni ni ya familia: maulamaa, biriani, watoto. Ya Desemba ni yangu peke yangu. Bendi ikianza kupiga mimi hutoka nikaenda kukaa ufukweni mpaka ikome. Mke wangu anajua, haulizi.

Mpiga Kasia

Mungu amrehemu mama. Mwaka huu bendi ikianza, ukitaka mtu wa kukaa naye kimya, mimi nina mtumbwi na siku hiyo sina keki.

Mkaa Kimya

Nitakuja.

Binti Mkomani

Amin, Mola amlaze pema. Nimempigia kakangu jioni hii nikamsomea hukumu ya mwalimu. Amecheka sana. Anasema tarehe mbakizie babu, ila keki iletwe tarehe 11 baada ya magharibi, na ikifika saa sita za usiku atakuwa ameshaimaliza.