Naomba ushauri: nimealikwa deli ya Kiyahudi New York, nakwenda na mgeni, sijui hata pa kuanzia

BintiPangani:
Habari za jioni wakuu. Niko New York mwaka wa nne sasa, kazi yangu kuhudumia wazee majumbani. Jumamosi hii saa saba mchana nimealikwa chakula kwenye deli moja ya Kiyahudi, yaani mkahawa wa nyama na sandwichi, huko mtaa wa Lower East Side, na nitakwenda na mgeni wangu. Tangu juzi silali vizuri. Nasikia mlangoni unapewa tikiti, ukiipoteza balaa. Nasikia mkata nyama anauliza maswali haraka haraka na foleni iko mgongoni kwako. Niagize nini? Bahashishi nampa nani? Na mtu asiyekula kila nyama atapata cha kula? Naomba msinicheke, kwangu ni jambo kubwa.

Kijana_wa_Bronx:
Dada tulia. Nitakueleza ya deli ya Katz's maana ndiyo niliyoizoea, pale kona ya mitaa ya Houston na Ludlow, wapo tangu 1888. Kila anayeingia anapewa tikiti yake. Unakwenda nayo kaunta, unachochukua kinaandikwa humo, ukitoka unalipa. Usiitupe hata kama haijaandikwa kitu, iliyopotea inatozwa dola 50. Kila mkata nyama ana foleni yake, chagua mmoja ubaki kwake. Sema pastrami (nyama yao ya moshi), mkate wa rai, haradali. Atakukatia kipande uonje, na hapo ndipo watu huacha dola moja mbili kwenye kikombe chake. Mayonezi usiitaje. Achari ya matango inakuja bila kuombwa: yenye kijani kibichi haijachacha sana, iliyofifia ndiyo kali. Ukiona kaunta inakushinda, ziko meza za kuhudumiwa kule ukutani.

Mla_Mihogo:
Sandwichi moja inazidi dola 20, ila nyama iliyomo inatosha pilau ya nyumba nzima. Beba kontena.

Mzee_Chumbageni:
Pastrami ina historia ndefu. Wayahudi wa Romania ndio walioivusha bahari karne ya 19, na jina lake lina undugu na pastirma ya Waturuki. Nyama ya ng'ombe, ile ya tumboni yenye mafuta, inalazwa kwenye maji ya chumvi, inapakwa giligilani na pilipili manga, inafukizwa moshi, halafu inapikwa kwa mvuke mpaka ilegee. Kuna nyama nyingine ya chumvi, nyekundu-nyekundu, hiyo haipiti kwenye moshi. Msizichanganye.
Lakini binti, umesema "mtu asiyekula kila nyama". Mgeni wako ni nani?

BintiPangani:
Shikamoo mzee. Ni Baba yangu. Ana miaka 71, amekuja kutoka Tanga wiki mbili zilizopita. Ni mtu wa msikitini, nyama hagusi mpaka ajue imechinjwaje. Nimeshamwambia Wayahudi wanachinja kama sisi, kwa hiyo hapo sina wasiwasi.

Ukhti_Zuhra:
Kama huna wasiwasi mbona hulali? Suratul Maida aya ya 5 inahalalisha chakula cha waliopewa Kitabu, na wako masheikh wanaokula nyama ya kosheri, ile inayofuata sheria ya chakula ya Kiyahudi, bila tabu, na wako wanaosisitiza jina la Mwenyezi Mungu lisomwe kwa kila mnyama. Hilo mzee ataliamua mwenyewe. Swali langu: hiyo deli ni ya kosheri kweli, au ina sura ya Kiyahudi tu? Katz's hiyo mliyoisifia si ya kosheri.

BintiPangani:
Niliangalia menyu yao. Kuna sandwichi ya nyama iliyoyeyushiwa jibini juu.

Suleimani_Sinki:
Basi si ya kosheri, usijidanganye. Sheria yao haikubali nyama na maziwa mezani pamoja. Mimi nimeosha vyombo jiko la kosheri miaka miwili, huku huku Marekani. Sinki mbili, moja ya nyama, moja ya maziwa. Visu viwili, vitambaa viwili, rafu mbili. Kila siku anakuja msimamizi mwenye ndevu, anafungua friji, anapekua hata mboga za majani akitafuta wadudu. Wiki yangu ya kwanza niliingiza kijiko cha jibini kwenye sufuria ya supu ya kuku, ile yenye madonge ya unga wa mkate usiotiwa chachu. Supu yote ilimwagwa. Nilidhani nimefukuzwa. Mpishi mkuu akaniita, akanionyesha tena pole pole kipi ni kipi, akanipa chakula nile. Mpaka leo kwangu sina sinki mbili, lakini kijiko cha maziwa kina droo yake.

Mla_Mihogo:
Sasa hapo umemsaidia nini dada?

Ukhti_Zuhra:
Kamsaidia kujua kwamba alichomwambia baba yake si kweli. Na kwa nini deli hiyo hiyo? New York imejaa mikahawa ya halali. Nani amewaalika?

BintiPangani:
Watu tunaofahamiana nao.

Mzee_Chumbageni:
Binti, ukitaka ushauri sema yote.

BintiPangani:
Wazazi wa mchumba wangu. Ni Wayahudi, ila hawafuati kosheri. Babu yao alikuwa anakula hapo tangu ujana wake, kila jambo la heri la ukoo wao hulianzia pale, na kwao kumleta mzee wangu kwenye meza ile ni heshima kubwa. Baba nimemwambia ni watu wa kazini. Pete niliivua siku nilipokwenda kumpokea uwanja wa ndege.
Najua mtasema nini. Lakini nimeshapanga. Baba atakaa mwisho wa meza, mimi katikati, natafsiri mimi. Kiingereza chake ni cha kununulia mkate tu. Watafahamiana kwanza kama watu, mengine yatafuata. Mchumba anasoma dini mwaka wa pili huu. Hajasilimu, simlazimishi.

Ukhti_Zuhra:
Ndoa ya Mwislamu wa kike na asiyekuwa Mwislamu haisihi, na unalijua hilo. Lakini hata tukiliweka pembeni, unataka mzee wa miaka 71 ale asichokila kwa neno lako, halafu umtafsirie uwongo mbele ya wakwe. Huo si mpango.

BintiPangani:
Nyinyi hamko hapa. Nikimwambia leo atarudi Tanga kesho.

Jicho_la_Tatu:
Wakuu, hii chai. Wayahudi kualika watu deli Jumamosi, siku ya Sabato? Deli ya Kiyahudi inafunguliwa Jumamosi wapi? Na pete, na babu, na mzee msikitini. Mleta mada anaandika tamthilia, sisi tunamsaidia kupika.

Mla_Mihogo:
Mh. Kweli kabisa. Na mimi nilianza kuonea huruma.

Suleimani_Sinki:
Jicho, hapo umekosea. Nyingi zinafunguliwa Jumamosi. Hata 2nd Ave Deli, ambayo ni ya kosheri tangu 1954, iko wazi siku hiyo, na Wayahudi washika dini wengine hawaendi kwa sababu hiyo hiyo. Dada kasema hawa hawashiki. Hakuna kinachogongana.

BintiPangani:
Jicho, huna lazima ya kuniamini. Tangu Baba afike anapika mwenyewe. Nyama kanunua kwa Wagambia hapa mtaani Bronx, kamuuliza muuzaji kwa ishara ya kidole shingoni mpaka akaridhika. Jana kanipikia mchuzi wa nazi, kaniuliza hao watu wa kazini wanakula nini, ili awapelekee zawadi inayofaa. Nikakosa jibu. Ndipo nikaja kuandika hapa.

Kijana_wa_Bronx:
Dada, acha nyama kabisa. Wayahudi wa New York wana duka la namna nyingine, halina nyama hata chembe: samaki na vitu vya maziwa tu. Russ & Daughters ni la 1914, liko Houston hiyo hiyo, na tangu 2014 wana mkahawa mtaa wa Orchard. Samoni wa chumvi, samaki weupe waliofukizwa moshi, begeli (mkate wa duara wenye tundu), jibini laini, viazi vya kukaanga. Samaki hana suala la kuchinjwa. Mzee wa Tanga utamfundisha nini kuhusu samaki wa moshi? Yeye ndiye atakayewaambia wakwe.

Mzee_Chumbageni:
Hapo umenena. Waombe wakwe wabadilishe, na uwape sababu ya kweli. Watu wenye sinki mbili katika ukoo wao hawawezi kushangaa kusikia mzee ana masharti ya chakula.

BintiPangani:
Nimempigia mama mkwe sasa hivi. Kabla sijamaliza kajibu, "Bibi yangu alikuwa hivyo hivyo." Tumekubaliana Orchard, Jumamosi, saa ile ile. Asanteni. La pete nitamwambia Baba njiani, kwenye treni.

Ukhti_Zuhra:
Si kwenye treni. Kuna kelele, hawezi kuinuka, na watu wanamtazama. Mwambie nyumbani, kabla ya Jumamosi, akiwa amekaa.

BintiPangani:
Leo basi. Akishaswali Isha.